Mazoezi Yasibaki Kambini



Sisi tunaotoka Rumonge tunazijua kazi za kule: kuvua ndagala usiku, kukwea michikichi, kukamua mawese. Zote zinataka mikono na miguu. Aliyeanguka mchikichini, au aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, hapa kambini husaidiwa kufanya mazoezi. Je, akirudi nyumbani, mtaalamu akiwa mbali?

Wenzetu wanafanyaje?

Katika nchi zenye uwezo hutumia pia michezo ya kompyuta. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ilitoa Wii, inayochezwa kwa kutikisa kidude kilichoshikwa mkononi. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa Kinect, kamera inayofuata mwili mzima. Siku hizi kuna miwani inayochanganya picha na mahali ulipo: mgonjwa anaiona meza yake ya kweli, na juu yake mpira wa picha tu. Ananyosha mkono kuudaka. Mashine inahesabu, na mtaalamu aliye mbali anaweza kuletewa hesabu hiyo.

Kwa nini mchezo?

Baada ya kiharusi, ubongo hujifunza upya kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi. Kiungo kisichotumiwa hukakamaa. Lakini kurudia kunachosha, na aliye peke yake huacha upesi. Mchezo humpa sababu ya kunyosha mkono mara moja zaidi.

Sisi tufanye nini?

Miwani hiyo hatuna. Lakini kinachoifanya ifae tunaweza kukipata: lengo, hesabu na mtu wa kufuatilia.

1. Kabla ya kuondoka, muulize mtaalamu: mazoezi gani, mara ngapi, na lipi ni hatari kwako. Andika katika daftari.

2. Akikubali, fanya zoezi liwe mchezo. Katika bao, ambalo kwa Kirundi ni ikibuguzo, mkono dhaifu uokote kete na kuzigawa shimo kwa shimo. Hilo ni zoezi la vidole.

3. Mtoto wa nyumbani ahesabu na kuandika kila siku. Nenda na daftari hilo kituo cha afya.

4. Ukipata maumivu makali au uvimbe, acha, ukaonwe na mganga.

Ndugu wa mgonjwa, tusimfanyie kila kitu kwa huruma. Tumpe kete zake, tukae tucheze naye.