Jina Lako Kwenye Orodha ya Meli

Ndugu msomaji, sisi tuliokulia Lalago, huko Simiyu, ni watu wa ng'ombe, pamba na vumbi. Maji kwetu ni kisima, lambo, na mvua ikipenda kunyesha. Kwa hiyo wiki hii nisameheni nikizungumza kama mgeni, maana habari yenyewe ni ya Nansio, mji mdogo wa bandari katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria.

Kutoka kwetu unapita Maswa hadi Mwanza, na hapo unapanda meli. Ni mwendo wa saa tatu na ushee. Anayeogopa maji huzunguka kwa barabara kupitia Bunda na Kibara mpaka Kisorya, kisha avuke kwa kivuko hadi Rugezi. Basi naye hakuyakwepa maji, ameyapunguza tu. Kisiwa ni kisiwa.

Nansio penyewe utapapenda. Meli ikitia nanga, mji mzima unaamka: wachukuzi, baiskeli, bodaboda, magunia ya dagaa, machungwa na mihogo. Sukari, saruji, dawa za hospitali, magazeti, karibu vyote vinapitia majini. Ndipo nikaelewa kwamba kwa watu wa kisiwani, meli si safari ya matembezi. Ni barabara yao.

Siku ya kurudi nilichelewa. Nilipofika dirishani, tiketi zilikuwa zimekwisha. Nikaanza maneno ya stendi: "Binti yangu, mimi mwembamba, nitasimama tu."

Yule binti akanijibu kwa upole: "Shikamoo, baba. Kwenye basi ungesimama. Hapa nikikuingiza bila jina, likitokea la kutokea, nani atajua kwamba ulikuwemo?"

Nilikasirika, sitaficha. Nikalala Nansio bila kutaka. Jioni mama mmoja muuza machungwa aliponisikia nalalamika, alinitazama tu, akauliza: "Baba, wewe ulikuwa wapi mwaka ule wa 2018?"

Hakuhitaji kuendelea. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilitoka huko Ukerewe kikielekea Bwisya, kisiwani Ukara. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Fanya hesabu mwenyewe: waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale walioruhusiwa kupanda.

Kwa nini chombo kinapinduka hata pasipo dhoruba? Watu wa mitumbwi wanajua. Ukikaa chini mtumbwini, mtumbwi hutulia. Ukisimama, huyumba. Uzito ukiwa chini unakishikilia chombo. Ukiwa juu unakivuta kianguke. Abiria wanaosimama, na mizigo iliyorundikwa juu, ni uzito wa juu. Tena mzigo wa gunia hutulia ulipowekwa, lakini mzigo wa watu hutembea. Gati likionekana, kila mmoja anataka kushuka wa kwanza, wote wanakimbilia upande mmoja. Basi lililojaza litapanda mlima polepole, au litapasua tairi. Chombo cha majini kilichojaza hakina pa kuegemea.

Na upepo nao haupuuzwi. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa yake ya moto hupanda juu, na ile ya baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Ndiyo sababu ziwa lililolala kama kioo asubuhi huweza kuwa na mawimbi alasiri.

Sasa turudi kwenye orodha. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama alfajiri ikikaribia Mwanza. Miaka yote hii imepita, na bado idadi ya waliokufa hutajwa tofauti: mmoja atasema mia tano na kitu, mwingine atakaribia elfu moja. Si kwamba watu hawajui kuhesabu. Wengi walipanda bila majina yao kuandikwa popote. Fikiri mama anayemsubiri mwanawe, akienda kuuliza anaambiwa jina hilo halipo. Hana maiti, wala hana karatasi. Hata kilio anakosa mahali pa kukianzia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza dirishani. Nikataja majina yangu matatu, umri, na simu ya nyumbani, bila kuulizwa mara mbili. Yule binti akacheka. Ndani ya meli nikatafuta kwanza maboya ya kujiokolea yako wapi, ndipo nikakaa.

Wazee walisema mchelea bahari si msafiri. Ni kweli, tusafiri. Lakini hawakusema tusafiri kwa kujazana. Nawe unayesoma haya mjini, ukiambiwa chombo kimejaa, usitoe noti ya pembeni wala usimtafute ndugu yako wa bandarini. Ukiulizwa jina, litaje lote. Na yule anayekukatalia, mshukuru. Mimi nilichelewa siku nzima kushukuru.

Tukutane tena wiki ijayo.