Fahamu: Mbona gesi ya kaboni haizikwi chini ya Kayole?
Mifereji ikikauka Kayole au Umoja, foleni ya mitungi ya lita 20 huhamia kwenye visima vya kuchimbwa. Maji hayo hutoka katika miamba ya volkano iliyo chini ya Nairobi, na mengine tayari yana floridi ya kuharibu meno. Hayahitaji balaa jingine. Ndiyo maana anayetafuta pa kuzika kabonidayoksaidi hutaka tabaka la maji ya chumvi yasiyonyweka.

Tena tabaka hilo liwe chini sana. Kuanzia takriban mita 800, shinikizo huibana gesi hadi ikakaribia uzito wa kioevu, ikatosha mahali padogo. Juu yake pawe na mwamba usiovuja. Norwe imekuwa ikiizika gesi hiyo katika eneo la Sleipner, chini ya bahari, tangu 1996.

Bonde la Ufa lina nyufa tele zinazoweza kuvujisha gesi, lakini mwamba wake wa basalti una ujanja: gesi iliyoyeyushwa majini hugeuka jiwe humo. Iceland ilishuhudia sehemu kubwa ya gesi ikigeuka ndani ya miaka 2. Ndiyo sababu kampuni ya Nairobi, Octavia Carbon, imeelekeza macho Gilgil, ndani ya bonde hilo. Ila njia ya Iceland ina kiu: takriban tani 25 za maji kwa tani 1 ya gesi.