Bastola ya Bei Nafuu Haipo Eastlands

Kila wizi unapozidi mitaani Eastlands, mashariki mwa Nairobi, swali hili hurudi. Huulizwa na wakala wa M-Pesa wa Kayole anayefunga kibanda saa tatu usiku, muuza vipuri wa Kirinyaga Road anayelala Donholm, au mwenye ploti wa Pipeline anayepokea kodi mkononi. Ni bastola gani ya bei nafuu, ndogo, inayoweza kufichwa chini ya shati? Aliyewahi kupigwa ngeta, yaani kukabwa koo na wezi, hawezi kuuliza hivyo kwa mzaha, nami sitaki kumjibu kwa mahubiri. Ninataka tupige hesabu yote, kwa sababu bei ya kaunta ni mwanzo tu wa gharama.

Tuanze na sheria. Katiba ya 2010 haimpi Mkenya haki ya kumiliki bunduki. Kinachotawala ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Siku hizo mlowezi alikwenda kula chakula cha jioni na bastola kiunoni, huku Mwafrika akinyongwa kwa kupatikana na moja. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipopelekwa mahakamani Nyeri mwaka wa 1956, shtaka lilihusu rivolva ya Webley Scott na risasi zake, naye akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Miaka miwili na nusu kabla ya kesi hiyo, Aprili 1954, wanajeshi wa Uingereza walikuwa wameizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakapekua mitaa ya Waafrika ya huku Eastlands, nyumba kwa nyumba, na kuwabeba maelfu ya wanaume kwenye malori. Sheria imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini msingi wake haujabadilika: bunduki ni ruhusa ya serikali, na anayeitaka lazima aonyeshe sababu ya kutosha na kwamba kuwa nayo hakutahatarisha usalama wa umma.

Leo ruhusa hiyo hutolewa na Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Mwombaji huchunguzwa rekodi yake ya uhalifu, afya ya akili na uwezo wake wa kuitumia silaha. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kila aliyekuwa na leseni nchini alitakiwa kujitokeza upya ili apigwe msasa. Cheti kina muda na huhuishwa, na huandikwa pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Hununui sanduku zima eti kwa kuwa pesa unazo.

Sasa bastola yenyewe. Ukishapata kibali, ushauri wangu ni uchague inayotumia risasi za milimita 9. Ndizo zinazotumiwa na bastola nyingi za polisi na raia hapa nchini, kwa hiyo risasi, magazini na fundi havitakusumbua. Polisi wetu wamezoea Ceska, na wengi wanaijua kwa jina hilo kuliko jina lolote lingine. CZ 75, mama wa ukoo huo, ilitoka Czechoslovakia mwaka wa 1975. Ni ya chuma, ina uzito wa takriban kilo moja, na uzito huo huituliza mkononi unapofyatua. Glock 19 ya Austria ina fremu ya plastiki ngumu na uzito wa kama gramu 600 bila risasi. Ni rahisi kubeba kutwa nzima, ila haina swichi ya usalama ubavuni. Kizuizi chake kiko kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo ukiitia mfukoni pamoja na funguo, au ukaichomeka kwenye suruali bila ala ngumu inayofunika kifyatulio, unacheza na paja lako.

Vile vibastola vidogo kabisa vinavyotosha kiganjani ndivyo wengi hukimbilia wakidhani ni rahisi. Hufichika vizuri, ni kweli. Lakini kitako kifupi hakishikiki, mtutu mfupi hauelekezeki, na mshindo wake humtisha mwanafunzi hadi anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Mtu mwenye pesa chache na muda mchache wa mazoezi ndiye anayehitaji bastola ya wastani, na ndiye anayeuziwa ndogo. Bastola mpya na halali ni laki kadhaa za shilingi. Juu ya hapo weka ala, sefu ya kufungwa ukutani (na ukuta ni wa landilodi), mafunzo, na risasi za kulenga shabaha mara kwa mara. Asiye na pesa za risasi za mazoezi hana pesa za bastola. Hapo sina shaka hata kidogo.

Halafu kuna maisha yenyewe ya huku kwetu. Tazama mtu anayepanda matatu ya abiria 14 pale Muthurwa saa kumi na mbili jioni. Anainama mlangoni, shati linapanda mgongoni, na kitako cheusi kinachungulia juu ya mkanda. Wanaosukumana nyuma yake wameona, na katika msongamano ule kuna watu ambao kazi yao ni kuangalia viuno na mifuko. Akikaa, chuma kinamkandamiza mbavu. Akishuka Buruburu kuingia duka kubwa, bawabu anampitishia kifaa cha kupekua mbele ya foleni nzima. Kufikia Jumapili, mtaa mzima unajua nani ana mchuma, na katika mitaa yetu habari hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nao. Majambazi huhitaji bunduki kuliko wanavyohitaji simu yako.

Uliza pia shambulio la Eastlands hutokeaje. Ngeta hutoka nyuma. Mkono uko kooni kabla wako haujafika kiunoni, na mwenzake anakupekua mbele. Bastola ambayo ingekuokoa inabadilisha mmiliki kwa sekunde chache. Na hata ukiwahi kuichomoa, risasi ya milimita 9 haisimami kwenye mabati. Ukikosa shabaha Mathare au Kayole, nyuma ya mwizi kuna chumba, na ndani ya chumba kuna mtoto anayefanya kazi ya shule. Sheria nayo inakungoja. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinakubali mtu ajitetee, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mwizi aliyekwisha kukupa kisogo akikimbia na simu, ukimpiga risasi ya mgongo, mshtakiwa ni wewe.

Ndiyo, tumeona mema ya silaha halali. Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba la maduka la Westgate, Abdul Haji aliingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake, na watu wengi wakatoka wakiwa hai kwa sababu yake na wenzake. Januari 2019, magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2, Inayat Kassam, raia mwenye leseni, alikuwa miongoni mwa walioingia kuokoa watu. Ninawaheshimu bila masharti. Lakini Kassam ni mkufunzi wa masuala ya usalama, mtu aliyejizoeza miaka mingi, na Haji alitoka katika familia iliyoijua silaha vyema. Anayetaka kuwaiga aanze na mazoezi yao. Chuma kifuate.

Kuna ile njia nyingine ambayo hunong'onwa kwenye vijiwe: silaha isiyo na karatasi, ya kununua au ya kukodi. Utafiti wa Small Arms Survey uliotolewa mwaka wa 2012 ulikadiria kuwa raia wa Kenya walikuwa na silaha kati ya 530,000 na 680,000, nyingi zikiwa haramu. Serikali iliteketeza zaidi ya 5,000 Ngong mwaka wa 2016, ikarudia Juni 2021, na bado zimo. Hiyo ndiyo inayoitwa bei nafuu, na ndiyo ghali kuliko zote. Ukipatikana nayo unafungwa miaka mingi. Na huenda usifike kortini. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti mwaka wa 2017 kuhusu vijana wanaouawa na polisi, na kwa miaka mingi familia za Mathare, Dandora na Kayole zimelalamika kwamba bonoko, yaani bunduki bandia, huwekwa kando ya maiti ili marehemu aonekane jambazi. Kijana wa Eastlands ambaye polisi wameona kitu kimetuna kiunoni hapewi nafasi ya kueleza kwamba anaogopa wezi.

Ndiyo maana nikiulizwa pesa za bastola ziende wapi, huwa ninataja Dandora. Kule Phase 2 kuna korti, yaani nyumba zinazozunguka uwanja mmoja, inayoitwa Mustard Seed. Vijana wake waliusafisha uwanja uliokuwa umejaa taka, wakapanda miti, wakaupaka rangi, wakawa wanaulinda wenyewe. Korti nyingine zikafuata mfano. Geti, taa inayowaka usiku kucha na soja anayelipwa kwa wakati ni vitu ambavyo ploti ishirini zikichanga zinavimudu, na havimwachi mama mboga nje ya ulinzi. Wakala wa M-Pesa akifunga mapema kidogo, akapeleka pesa benki mchana kwa saa zinazobadilika, amepunguza hatari kuliko ambavyo Glock ingempunguzia. Nimekaa na mawakala wa kutosha kuamini hivyo.

Kwa aliye na leseni tayari, jambo moja husahaulika sana. Cheti ni cha mtu, hakirithiwi. Mwambie mkeo au mumeo leo bastola iko wapi, sefu hufunguliwaje na karatasi ziko kwenye faili gani. Ukifariki, familia haina ruhusa ya kuiweka hata kama kumbukumbu. Wasiiguse. Waende kituo cha polisi kilicho karibu na cheti mkononi, waombe afisa aje kuichukua, na wapewe maandishi kwamba wameisalimisha.