Usichague kozi ya chuo kwa bei ya mwaka jana

Dada yangu anauza mchele na maharage Tunduma, si mbali na geti la kuvukia kwenda Nakonde. Kila siku anawaona mawakala wa forodha wakipita na mafaili kwapani, huku msururu wa malori ya Zambia na Kongo ukiwa umejaa barabarani. Ndiyo maana binti yake alipomaliza kidato cha sita, mama alikuwa amekwishaamua: mtoto akasome shahada ya mambo ya forodha na usafirishaji.

"Hapa malori hayaishi, kwa hiyo kazi haiishi," aliniambia.

Binti naye alikuwa na lake. Amesoma mchepuo wa CBG, na kila likizo huenda kwa babu yake Mbozi. Huko ana daftari ambalo ameorodhesha mibuni iliyoshikwa na chulebuni na ile yenye kutu ya majani, mstari kwa mstari. Anataka kusoma afya ya mimea. "Mjomba, mwambie mama," alininong'oneza.

Wote wawili walinigeukia mimi, mchumi kilimo wa familia, nitoe hukumu.

Mabishano ya namna hii hutokea katika nyumba nyingi za mkoa wa Songwe kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa. Mzazi anatazama ajira, mtoto anatazama anachokipenda. Pesa inayobishaniwa imetoka kwenye kahawa, mahindi au duka, na ikipotea hairudi upesi.

Kabla ya kujibu, nilimkumbusha dada yangu habari za mdogo wetu wa kiume.

Miaka ya 2000 ualimu ulikuwa kozi ya uhakika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na muda si mrefu shule za kata zikajengwa kila kona ya nchi. Walimu wakahitajika kwa maelfu. Mwaka 2005 vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya DUCE, Dar es Salaam, na Mkwawa, Iringa, vilianzishwa ili kuziba pengo hilo. Wanafunzi wa ualimu walikuwa miongoni mwa waliopewa kipaumbele cha mikopo, na mhitimu alisubiri tu kupangiwa kituo.

Mdogo wetu hakuupenda ualimu hata kidogo. Alipenda mafundi na mashine. Lakini wazee walisema ajira ni ajira, naye akaenda chuo mwaka 2013 kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Baba aliuza ng'ombe wawili kujazia gharama ambazo mkopo haukuzifikia.

Alimaliza mwaka 2016. Mwaka huo huo Serikali ilisitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti bandia. Ajira za walimu zilipoanza kurudi, kipaumbele kilikwenda kwa walimu wa sayansi na hisabati. Wa masomo ya sanaa walikuwa wengi mno. Mdogo wetu akajikuta na shahada asiyoipenda, isiyo na soko, na yenye deni la mkopo.

Mkulima haoni jambo geni hapo. Bei ya zao ikipanda mwaka huu, kila mtu hulipanda. Wakati wa mavuno wote wanafika sokoni siku moja na bei inaanguka. Wachumi huuita mchezo huu utando wa buibui, kwa sababu bei na uzalishaji huzungukana bila kukutana. Waulizeni wakulima wa mbaazi. Walipanda kwa wingi kwa kufuata bei nzuri, na Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa, ikawekea mipaka uingizaji wa zao hilo. Mbaazi zikakosa wa kuzinunua.

Kozi ya chuo ina hatari zaidi kwa kuwa inachukua muda. Mbuni huanza kuzaa vizuri kama mwaka wa tatu, na shahada nyingi nazo ni miaka mitatu au zaidi. Anayepanda kahawa leo kwa sababu bei ya dunia ilivunja rekodi mapema mwaka 2025 atauza kwa bei nyingine kabisa. Vivyo hivyo, anayechagua kozi kwa ajira za leo ataomba kazi katika soko la miaka minne ijayo.

Je, basi kijana afuate moyo tu? Hapana, moyo peke yake haulipi ada. Mimi nilikipenda nilichokisoma, lakini nilipomaliza mwaka 2013 nilikaa zaidi ya mwaka bila ajira. Niliishi kwa kununua mpunga bonde la Kamsamba na kuuza mchele Tunduma. Kilichoniokoa ni kwamba elimu yangu ya kupiga hesabu ya gharama na faida ilikuwa na mnunuzi mwingine mbali na mwajiri: mimi mwenyewe.

Kwa hiyo tulikaa na dada yangu na binti yake tukaandika majibu ya maswali matatu.

La kwanza, udongo unakubali? Mtu akisema anapenda jambo, tazama anachokifanya bila kulipwa wala kusukumwa. Binti huyu ana daftari la miaka miwili la magonjwa ya kahawa. Kuhusu forodha hajawahi kuuliza hata swali moja.

La pili, wanunuzi ni wangapi? Kozi yenye mwajiri mmoja ni kama zao lenye mnunuzi mmoja. Mtaalamu wa afya ya mimea anaweza kuajiriwa na Serikali, lakini pia anahitajika kwenye vyama vya ushirika vya kahawa, vitalu vya miche na maduka ya pembejeo. Hapo Tunduma penyewe, mahindi yanayovuka yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mfanyabiashara anayeelewa hayo hapati hasara kirahisi.

La tatu, gharama inarudije? Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye mshahara wa shilingi 700,000, hiyo ni shilingi 105,000 kila mwezi. Aliyejiajiri naye anadaiwa. Ulizeni pia kama kazi hiyo inahitaji shahada kweli. Uwakala wa forodha, kwa mfano, una mafunzo ya cheti cha Afrika Mashariki yanayotolewa na Chuo cha Kodi, na mtu anaweza kuyasoma baadaye.

Dada yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na akikosa kazi?"

Nilimjibu kwamba hata wa forodha anaweza kukosa, kwani tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa mwaka 2019 shughuli hizo zimebadilika na nyaraka nyingi sasa zinapita kwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba huyu akikosa ajira, shamba la babu lipo na anajua la kufanya humo.

Tulikubaliana hivi: binti aombe afya ya mimea kama chaguo la kwanza, na kila likizo moja akae mpakani na mama yake ajifunze nyaraka za kuvusha mazao. Mama hakufurahi sana, lakini alitoa nauli ya kwenda kufuatilia maombi.

Mzazi mwenzangu, kabla hujauza ng'ombe, mwite mtoto mkae na karatasi na kalamu. Mwulize maswali hayo matatu, na umsikilize mpaka amalize.