Kuhamia Toleo Jipya la Programu ya Simu

Makusudi ya makala haya ni kueleza kazi ambayo wengine huiita kusasisha, na wengine kuboresha. Neno la kwanza latazama wakati. La pili laahidi ubora. Kwa upande wa mitambo ya simu, twaona kuwa kuhamia ndilo neno lielezalo kazi yenyewe, na mfano wetu ni Asterisk.

Programu hiyo huria ilianzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999, nayo huendesha simu za ofisi, hospitali na vyuo. Hufuata maagizo yaliyoandikwa na msimamizi katika mafaili: nani ana namba gani, na apigaye apelekwe wapi. Maagizo hayo yana sarufi yake, na sarufi hiyo hubadilika.

Hapo zamani sehemu za agizo ziliweza kutengwa kwa mstari wima. Tangu toleo la 1.6 mstari huo haukubaliwi, na mkato umeshika mahali pake. Badiliko kubwa zaidi lilihusu moduli ya chan_sip, iliyosoma maagizo ya simu katika faili la sip.conf. Mwaka 2013 toleo la 12 lilileta moduli ya pili, chan_pjsip. Mwaka 2023 toleo la 21 liliiondoa ile ya kwanza kabisa. Pale ambapo sip.conf ilieleza simu katika fungu moja, pjsip.conf yataka mafungu kadha: la simu yenyewe, la mahali inapopatikana, na la neno la siri. Ipo programu ndogo ya kuyageuza maandishi hayo, lakini kama tafsiri yo yote ya mashine, kazi yake yahitaji kupitiwa na mjuzi.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini tusikae na toleo la zamani? Toleo lililokwisha muda wake halizibwi tena nyufa zake, na wezi huweza kupenya na kupiga simu za ng'ambo kwa gharama ya mwenye mtambo. Lakini ahamaye kwa pupa naye huweza kuiacha hospitali bila simu usiku kucha.

Basi, kwanza nakala za mafaili yote ziwekwe nje ya mtambo. Pili, yasomwe maelezo ya mabadiliko ya kila toleo linalorukwa, wala si la mwisho tu. Tatu, toleo jipya lijaribiwe katika kompyuta nyingine. Nne, moduli za zamani ziondolewe, zisichanganyike na mpya. Tano, amri ya make samples isitumiwe, kwani huweka mifano mahali pa maagizo halisi. Mwisho, zijaribiwe simu za kuingia na za kutoka, na njia ya namba za dharura ithibitishwe kwa mapatano na wahusika.

Hapo ndipo mtambo utakapokuwa umehama. Kabla ya hapo, umebadilishwa programu tu.