KUPIMA MTI BILA KUUPANDA

Mti mrefu umesimama karibu na nyumba ya watu. Umezeeka, shina lake limeoza ndani, na siku za mvua upepo waweza kuuangusha usiku, watu wakilala. Haufai kuachwa. Lakini kabla ya kutwaa shoka, mwenye nyumba ajiulize neno moja: mti huu ukianguka upande wa nyumba, kilele chake kitafika ukutani au hakitafika? Kutoka shinani hata ukutani ni metri 14. Mti ukiwa wa metri 12, nyumba itapona. Ukiwa wa metri 15, utaiangukia.

Nani atajua urefu wake? Kuupanda mti uliooza ni hatari. Kukisia kwa macho si kupima, maana macho hudanganya. Njia ya kweli ni hesabu ya pembetatu.

Mpimaji asimame mbali na mti, mahali tambarare. Mstari wa kwanza watoka jichoni mwake hata shinani. Umelala sawa kama maji yaliyotulia. Mstari wa pili wapanda kutoka hapo hata kileleni, umesimama wima. Mstari wa tatu watoka kileleni na kushuka mpaka jichoni. Hiyo ndiyo pembetatu. Mstari wa kwanza hupimwa kwa kamba iliyolazwa chini. Mstari wa pili haujulikani. Watu wa hesabu huuita x.

Sasa twaa karatasi yenye pande nne zilizo sawa. Ikunje kona kwa kona. Utapata pembetatu yenye pande mbili sawa na upande mmoja mrefu. Pembe zake mbili kali ni za digrii 45. Kwenye kona kali ya juu funga uzi wenye kijiwe: uzi ukifuata upande wa kusimama, karatasi imekaa sawa. Weka kona kali ya chini karibu na jicho, ukatazame kwa kufuata upande mrefu. Rudi nyuma au sogea mbele mpaka uone kilele cha mti.

Pembetatu ndogo ya karatasi na pembetatu kubwa ya mti zina umbo moja. Katika karatasi, upande wa kusimama ni sawa na upande wa kulala. Basi katika mti vilevile, x ni sawa na umbali wa mpimaji. Kamba ikionyesha metri 13, x ni metri 13.

Tuseme ndugu wawili wamepima hivyo. Mdogo ndiye aliyetazama, naye afurahi:

«Kaka, nyumba imepona! Mti una metri 13, na ukuta uko mbali metri 14.»

Mkubwa amjibu: «Ngoja, mdogo wangu. Mstari wetu ulianzia wapi? Haukuanzia ardhini, ulianzia jichoni mwako. Nalo jicho lako liko juu ya ardhi metri 1,20.»

Basi waongeze: 13 + 1,20 = 14,20. Kilele kitaupiga ukuta! Kusahau metri moja na kidogo kungaliweza kuumiza watu.

Mara nyingine nafasi ya kurudi nyuma haitoshi, kwa sababu kuna mto au shamba la mtu. Hapo mpimaji asogee karibu na mti na kutumia pembe kubwa zaidi. Vijiti vitatu vyenye urefu mmoja, vikiunganishwa ncha kwa ncha, hufanya pembe za digrii 60. Lakini katika pembe hiyo x si sawa na umbali tena. Yafaa kujua jambo hili: kila pembe ina hesabu yake isiyobadilika. Gawanya urefu wa kusimama kwa umbali wa kulala. Jibu ni lile lile, pembetatu iwe ndogo kama kiganja au kubwa kama mlima. Jibu hilo huitwa tanjenti ya pembe.

Digrii 30: karibu 0,58
Digrii 45: 1
Digrii 60: karibu 1,73

Ndugu wale wapime mti tena kwa digrii 60. Kamba yaonyesha metri 7,50. Waandike:

x : 7,50 = 1,73

Hesabu hii ni kama mizani. Ukitenda neno upande mmoja, tenda lile lile upande wa pili, isije ikainama. Hapa x imegawanywa kwa 7,50. Basi zidisha pande zote mbili kwa 7,50.

x = 1,73 × 7,50 = 12,975

Ni karibu metri 13. Njia mbili zimeleta jibu moja: wamepima vizuri.

Akili hii ni ya kale. Zamani, yapata miaka 600 kabla ya Kristo, aliishi Mgiriki aitwaye Thales. Husimuliwa kwamba alipima piramidi za Misri kwa kivuli. Alingoja saa ile kivuli cha mtu kinapokuwa sawa na urefu wake mwenyewe. Saa hiyo jua liko juu kwa digrii 45, ni pembe ile ile ya karatasi iliyokunjwa.

Na mti ule mbovu? Mafundi waukate ili uanguke upande ulio wazi. Lakini shina lililooza laweza kugeuka likianguka. Kwa hiyo kwanza watu wote watoke nyumbani, wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Sasa wajua ni metri ngapi: 28,40.

Maulizo

1. Kwa nini huongezwa urefu wa jicho?
2. Mpimaji yuko metri 20 mbali na mnara wa kanisa. Aona kilele kwa pembe ya digrii 30. Jicho lake liko juu metri 1,30. Mnara una metri ngapi?
3. Pima mti mmoja karibu na shule kwa karatasi, kisha kwa kivuli kama Thales. Je, majibu ni sawa?