Kabla Hujanunua Chupa ya Kuotesha Nywele

Ingia duka lolote la vipodozi Kariakoo uulizie dawa ya nywele zinazokatika. Utawekewa mezani mafuta ya nyonyo, mafuta ya rozmeri, maji ya kitunguu kwenye chupa ya kupulizia, vidonge vya biotini na krimu yenye picha ya dada mwenye nywele hadi kiunoni. Ni nadra muuzaji akuulize nywele zinatoka wapi: mbele, utosini au kichwa kizima. Swali hilo ndilo linaloamua kama pesa yako itafanya kazi au itapotea bure.

Tuanze na mbele, maana huko ndiko wengi wetu tunakoumia. Nywele za juu ya paji la uso na za karibu na masikio ni dhaifu kuliko nyingine, na ndizo msusi anazivuta zaidi ili rasta zikae vizuri. Ukisuka ukashindwa kulala, ukameza Panadol, asubuhi ukaona vipele kandokando ya mistari, basi mizizi imeshaumia. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake mjini Cape Town ulilikuta tatizo hili kwa karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka au kushonea wiving juu ya nywele zilizotiwa dawa. Jitazame kwenye kioo: mara nyingi malaika hubaki ukingoni, nyuma yake pana pengo.

Tiba ya kwanza hapa haiuzwi dukani: acha kuvuta. Twende kilioni ya nywele zako mwenyewe, iliyolegea, bila kuongeza rasta, ni nafuu mfukoni na kichwani. Rasta zisizoanza na fundo zinapunguza mvuto, ila msusi atadai zaidi kwa kuwa zinamla saa nyingi. Mimi ningelipa hiyo nyongeza kuliko kununua mafuta baadaye. Ukiwahi, nywele zinarudi baada ya miezi kadhaa. Ukiendelea kwa miaka, mzizi unakufa, ngozi inabaki laini inayong'aa, na hakuna mafuta ya bei yoyote yatakayoiotesha.

Zinazodondoka kichwa kizima ni habari nyingine. Mama aliyejifungua, au mtu aliyeugua malaria kali, taifodi au kufanyiwa upasuaji, anaweza kuanza kuona nywele zimejaa kwenye kitana miezi 2 au 3 baadaye. Inatisha, lakini kwa kawaida hurudi zenyewe, nyingi ndani ya mwaka. Kama una pesa ya kutumia hapa, ipeleke maabara: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, na tezi ya shingo. Biotini inamsaidia mwenye upungufu wake, nao ni nadra. Tena inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Kama unaimeza, mwambie daktari kabla hujatolewa damu.

Upara wa kurithi, wa baba na hata wa mama, una dawa iliyothibitishwa, nayo ni minoxidili. Ilianza kama dawa ya presha, kisha mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ipakwe kichwani. Piga hesabu kabla ya kununua. Ile ya maji ya mililita 60, ukipaka mililita 1 mara 2 kwa siku, inaisha kwa siku 30. Ukiuziwa kwa shilingi 40,000, mwaka ni 480,000. Matokeo yanaanza kuonekana baada ya miezi 4 hadi 6, wiki za kwanza nywele zinaweza hata kuzidi kudondoka, na ukiacha, ulichopata kinaondoka. Anayejua ataishia miezi 2 asianze. Mjamzito na anayenyonyesha waiache. Ukilinganisha boksi, soma asilimia na mililita, usitazame rangi: huko Marekani watafiti walikuta povu la wanawake likiuzwa ghali kuliko la wanaume kwa ujazo uleule, na kiambato ni kilekile.

Kwa mtoto mwenye mabaka ya mapunye, usipoteze hela kwa krimu peke yake. Fangasi imeingia ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki. Anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, kwa kipimo cha uzito wake.

Utosi unaowasha au kuungua, na duara linalopanuka mwaka hadi mwaka, usiupake kitu cha kubahatisha. Huenda ni ugonjwa unaoacha kovu, na kila mwezi wa kuchelewa ni mizizi isiyorudi. Tafuta daktari wa ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na hospitali kubwa za rufaa zina kliniki. Ada ya daktari utailipa mara chache. Chupa utailipa kila mwezi.

Kupandikiza nywele ndiko ghali kuliko vyote. Huduma ya afya ya Uingereza inawatajia wananchi wake pauni 1,000 hadi 30,000, na wengi wanakimbilia Istanbul kwa unafuu. Ukifikiria safari hiyo, jumlisha nauli na malazi, kisha uliza ni nani hasa atakayechoma sindano na kuchimba mizizi, daktari au msaidizi. Mzizi wa kipilipili umejipinda hata chini ya ngozi, na asiyeuzoea huukata katikati. Mwambie atakayekupandikiza kama makovu yako huwa yanavimba. Halafu omba picha za wateja wenye nywele kama zako, za mwaka mmoja baada ya kupandikizwa. Kama hana, usitoe hata malipo ya awali.